Mashua Iliyolala Juani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho huja yenyewe bila kuitwa. Ni asubuhi ya kiangazi, ufukweni kwetu, kusini kidogo ya Liuli. Ziwa limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu. Mbali kabisa wale wadudu wadogo wa ziwani wamepanda angani kwa wingi wao, ungedhani kuna mtu anachoma shamba juu ya maji. Nami nimesimama ndani ya maji ya magotini, mkono wangu juu ya mashua ya marehemu baba yangu, nikiamini kwamba furaha yote niliyoiacha utotoni inanirudia siku ile ile. Jua lilikuwa bado halijawa kali nilipompoteza mume wangu kwa maneno ambayo mtu angeweza kuyasema bila hata kuvuta pumzi.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo. Mzee akianza katikati ya hadithi, vijana husema amechanganyikiwa.

Mimi ni Edina, Mnyasa wa baba na mama. Baba alikuwa na mashua. Sisemi mtumbwi, ule wa gogo lililochongwa. Hii ilikuwa mashua ya mbao za mninga, zimepangwa ubavu kwa ubavu, ina mlingoti na tanga, na iliundwa kabla mimi sijazaliwa. Aliyekuwa na mahindi ya kuuza, aliyekuwa na harusi ng'ambo ya ghuba, aliyekuwa na mgonjwa, wote walikuja kumwamkia baba. Mimi nilikuwa kitinda mimba wake, na mahali pangu palikuwa mbele kabisa, miguu ikining'inia, mawimbi yakinilamba nyayo. Baba alikuwa nyuma, kwenye usukani. Nikigeuka namwona amekaa wima, tanga jeupe juu yake, nyuma yake maji matupu mpaka mwisho wa dunia. Hivyo ndivyo nilivyomchukua moyoni.

Alifariki nikiwa msichana. Kaka zangu walikuwa wametawanyika wakitafuta maisha, hakuna aliyerudi kushika usukani. Mashua ikavutwa juu ya mchanga, ikafunikwa nyasi, ikabaki mikononi mwa shangazi yangu Winfrida, dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Nyasi zikapeperushwa, jua likaipiga miaka na miaka, kuku wakataga ndani yake. Nami nikaolewa, tena si jirani. Nikapandishwa milimani, Maguu, kwenye kahawa na ukungu, kwa kijana wa Kimatengo aitwaye Osmundi.

Osmundi alikuwa mkulima, na siku zisizo za shamba alikuwa mpasuaji wa mbao. Mtu mpole. Nilipofika kwao sikujua kulima ngolo, yale mashimo ya miteremkoni ambayo Wamatengo huyapanga kama vyumba vya nyuki ili mvua isichukue udongo. Ngolo zangu za kwanza ziliporomoka zote, maharage yakaelea. Wakwe zangu wakaangua kicheko. Osmundi hakucheka. Alishika jembe, akasogea kando yangu, akachimba polepole ili nimwone mikono. Hakusema neno. Basi nikajifunza. Kumbuka jambo hilo, mwanangu, maana mimi nililisahau.

Kule mlimani nilikuwa na kila kitu isipokuwa ziwa. Kulikuwa na mahali pamoja, kwenye mgongo wa kilima, ambapo ukungu ukifunguka unaliona chini kule, limelala, kama kipande cha anga kilichoanguka. Nilikuwa nikienda kukata kuni pale hata siku ambazo kuni zilikuwa zimejaa nyumbani. Na nikilala nilikuwa naota maji. Naota mawimbi, naota ile miguu yangu midogo ikining'inia. Asubuhi naamka, nasikia jogoo na upepo wa baridi kwenye migomba, na inanichukua muda kukumbuka niko wapi.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua. Sisi tulikuwa tumezoea foleni ya sabuni. Ghafla lori zinapanda mpaka Mbinga na mitumba, redio, baiskeli, ndoo za plastiki za rangi ambazo macho yetu hayakuwahi kuziona. Wanunuzi binafsi wa kahawa nao wakaanza kuja, wakapita nyumba kwa nyumba, na msimu mmoja bei ikawa nzuri kweli. Mlima mzima ukaanza kung'aa kwa bati. Kila ukigeuka, jirani ameezua nyasi.

Jioni moja Osmundi akaniuliza, "Mama Anjela, kahawa imetuinua. Wewe unataka nini?"

Anjela ni binti yetu wa kwanza, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Mimi nilijua jibu analolitegemea. Mke wa nani asiyetaka bati? Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Nataka mashua ya baba," nikasema. "Nataka tuitengeneze, irudi majini."

Akasukuma kuni motoni. Mtu wa milimani, mwanangu, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto wa kuvuka kwa gogo! Kisha akasema, "Bati litasubiri." Akaenda kulala. Ndugu zake walipopata habari walimcheka mpaka kanisani: Osmundi anauza kahawa ili akavue samaki. Yeye alikuwa anatabasamu tu.

Tukamwacha Anjela kwa bibi yake Maguu, tukashuka ufukweni. Shangazi Winfrida alitupokea, tukamwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akatupeleka pale ilipolala. Lo! Mbao za pembeni zilikuwa zimepauka kama mifupa. Nyingine mchwa walikuwa wamezila. Kati ya ubao na ubao ungeweza kupitisha kidole. Lakini mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba chombo kizima, ulikuwa mzima, na Osmundi alipougonga kwa ngumi uliitika kama ngoma. Akapiga magoti mchangani akaushika kwa viganja vyote viwili. Nilimwona usoni. Alikuwa anaujua mti ule. Alikuwa anaona kazi ya mtu aliyejua.

"Chukueni," shangazi alisema. "Kaka zako wamekubali. Mimi naomba jambo moja tu: iwe chombo cha kazi. Isiwe kaburi la kwenda kulilia."

Nikasema ndiyo, shangazi. Ulimi ulisema ndiyo.

Kazi ikaanza, nayo ilikula kiangazi chote. Osmundi alipasua mbao za mninga mwenyewe, akazishusha mlimani begani pamoja na vijana wa kwao, njia ile ya mawe unayoijua. Fundi mmoja aliyetoka Liuli akaja kunyoosha mbavu za ndani, akamwonyesha Osmundi jinsi ya kukalafati, yaani kusindilia pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese katika nafasi za mbao, kisha kupaka lami. Akaenda zake kwenye kazi nyingine. Osmundi akabaki. Asubuhi hadi jioni, tok, tok, tok, patasi na nyundo ya mti, mgongo wake umepauka chumvi ya jasho. Wanaume wa pale wakipita humsalimia kwa Kinyasa, naye huwajibu kwa Kimatengo, wakacheka pamoja.

Na mimi? Mimi nilikuwa mwenye mashua. Nilisimama pembeni na kanga yangu, nikawa jicho la marehemu. "Hapo baba hakuweka hivyo." "Benchi la baba lilikuwa chini zaidi." "Baba hakushika nyundo namna hiyo." Osmundi hung'oa, akaweka upya. Siku moja alirudi kutoka Mbamba Bay na kopo la rangi ya buluu, amelipata katika duka la Mzee Salumu, mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani aliyekuwa anatuuzia lami na kitambaa cha tanga. Alilishika kopo lile kwa mikono miwili, kama mtu anayempelekea mzazi wake zawadi.

"Nimeona itapendeza kwenye ukingo wa juu," akasema. "Ifanane na ziwa."

Nikamjibu bila hata kulitazama vizuri, "Mashua ya baba haikupakwa rangi. Ilipakwa lami tu."

Akalifunga kopo kwenye shuka. Safari iliyofuata ya kwenda nyumbani akapanda nalo mlimani. Hakulisema tena.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilitaka kuona kinaelea tu. Kazi ilipokwisha shangazi aliniambia, "Edina, usiite watu kwanza. Chombo hiki kimelala juani miaka mingi. Kishushwe polepole, kiloweshwe, kizoee." Nikamjibu kwamba baba hakuwa na mambo hayo, yeye alikuwa anasukuma na kupanda. Nikaita watu. Mchungaji akaja kuomba. Wanawake wakaja na pombe ya mtama na vigelegele. Watoto wakajaa ufukweni kama kwale.

Basi ndiyo asubuhi ile niliyokwambia. Wanaume wakashika kingo, wakaimba, mashua ikateleza kwenye magogo, ikaingia majini. Ikaelea! Nikaingia, nikaenda mbele kwenye nafasi yangu ya utoto, nikakaa, nikafumba macho.

Nikahisi baridi miguuni.

Nilipofumbua, maji yalikuwa yanaingia kila mahali. Hayakuingia kwa kishindo, yalikuwa yanatokeza kwenye mistari ya mbao kama jasho, kisha kama chemchemi. Mashua ikaanza kukaa chini, taratibu, kama mzee anayejishusha kwenye kigoda. Watu wakapiga kelele. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Si kwa ubaya, ni kile kicheko cha watu walioshtuka. Tukaivuta hadi penye maji ya magotini, ikalala pale, imejaa.

Osmundi alikuwa tayari yumo majini, anapapasa mbao upande mmoja hadi mwingine, akitafuta alipokosea. Akanitazama. "Pamba niliisindilia vizuri," akasema, sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe.

Nikamwambia, mbele ya mchungaji, mbele ya wanawake wenzangu, mbele ya watoto: "Wewe ni mtu wa mashimo, unajua kuchimba tu. Baba yangu angekuwepo asingekuruhusu hata kuigusa."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Osmundi aliweka patasi juu ya mchanga, na nyundo kando yake, akazipanga sawasawa. Akafuta mikono. Akamwendea shangazi, akainama kidogo.

"Shangazi, nashukuru kwa chakula chote mlichonilisha," akasema. Akashika njia ya mlimani. Alikuwa hata hajavaa shati lake, amelishika mkononi.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, kama wanavyoondoka msibani. Nilibaki nimekaa ukingoni, nguo zinachuruzika. Shangazi Winfrida akaja akakaa juu ya mtumbwi mmoja uliopinduliwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, shangazi."

"Basi na mimi niseme. Mashua ya ndugu yangu ilikuwa inavuja."

"Haikuvuja," nikasema. "Nilikuwemo."

"Ulikuwemo mbele," akajibu. "Mimi nilikuwa chini, pale maji yanapokusanyika. Toka tunasukuma mpaka tunafika, nateka namwaga, nateka namwaga. Kata yangu haikuwahi kukauka. Wewe ulikuwa unatazama mawimbi, unaimba. Na baba yako alikuwa ananifokea, 'Winfrida, haraka! Winfrida, unalala?' Siku moja alinitukana mbele ya abiria, mimi dada yake mkubwa. Jioni akaniletea samaki, mbasa mnene. Hakuniomba radhi, akaweka tu mlangoni akaondoka. Nikamla. Alikuwa na hofu ya maji, Edina. Hukujua? Kila dhoruba alikuwa anatetemeka mikono. Alikuwa mtu."

Nikaikamua kanga yangu iliyolowa.

"Umemchukua ndugu yangu ukamfanya malaika," akaendelea, "kisha ukamtaka mume wako ashindane naye. Nani amewahi kumshinda marehemu? Marehemu hakosei. Hana tena mahali pa kukosea. Huyu wako anakosea kwa sababu yu hai. Na leo hata hajakosea! Mbao zilizokaa juani hukauka, husinyaa. Hata angefufuka fundi aliyeiunda, leo ingevuja. Zinataka kunywa kwanza. Zikinywa zitafura, zitabanana, na pamba ya mumeo itashika. Baba yako hakuwa na mambo hayo kwa sababu mashua yake haikuwahi kukaa nje ya maji hata ikakauka."

Alisimama, akakung'uta mchanga kwenye kanga yake.

"Mashua niachie mimi. Nitaitia mawe ikae chini ya maji mpaka ishibe. Wewe nenda kamlete mwenye kazi yake. Na usiniletee maneno ya baba yako tena hapa. Mimi nilimjua kabla yako."

Mwanangu, nimeongea na wazee wengi, na mapadre, na wenyeviti wa kila namna. Hakuna aliyenikata kama mwanamke yule, na hakupandisha sauti hata mara moja.

Kesho yake nikafunga usipa mkavu, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye kanga, nikapanda. Njia ile ukiishuka unaimba, ukiipanda unafikiri. Nilifikiri juu ya ngolo zangu zilizoporomoka, na mikono ya mtu aliyechimba polepole ili nimwone. Kila hatua ilinirudisha kwenye mikono ile. Nyuma yangu ziwa lilikuwa linapanuka kadiri ninavyopanda, na kwa mara ya kwanza maishani sikugeuka kulitazama. Nililala njiani kwa mama mmoja tuliyefahamiana, nikafika Maguu asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa ndiyo unaondoka.

Kitu cha kwanza kuona ni mlango wa nyumba yetu. Nyumba ya udongo, paa la nyasi, na mlango wa buluu. Buluu mbichi, inang'aa, hata huko milimani hakuna aliyekuwa na mlango kama ule. Anjela alikuwa amekaa kizingitini, viganja vyake vya buluu, pua ya buluu. "Baba amenipa kazi," akaniambia kwa fahari.

Osmundi nilimkuta shambani, anachimba. Aliniona, hakusimama.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, Baba Anjela."

Nikachukua jembe lililokuwa kando, nikaanza shimo karibu na lake. Tulilima hivyo kimya, mpaka jua likatupata mgongoni. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwamba sikuja kwa sababu ya mashua. Kwamba mbao zilikauka na kazi yake haikuwa na kosa, lakini hata kama ingekuwa na kosa, yale maneno hakustahili kuyapokea. Nilimwambia nimekuwa nikiishi na watu wawili, yeye na mtu niliyemtunga, na kila siku nilikuwa nampa yule wa kutunga kiti cha mbele.

Aliegemea mpini wa jembe.

"Unajua kwa nini nilikubali mashua badala ya bati?" akaniuliza.

"Sijui."

"Ukilala unaongea. Si kila mara. Unaongea Kinyasa cha haraka, mimi sikishiki chote. Unaita watu nisiowajua. Na unacheka, Edina. Mchana huchekagi hivyo. Nikawa najisemea, mke wangu ana nyumba nyingine, na mimi sijawahi hata kuonyeshwa mlango wake. Nikaona nikiijenga mashua hiyo kwa mikono yangu, pengine siku moja mtanikaribisha."

Mwanangu, nililia pale katikati ya maharage kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Miaka yote nilidhani nimebeba ukiwa wangu peke yangu, kumbe mwenzangu alikuwa macho kando yangu, anausikiliza.

"Usinishindanishe tena na mzee," akasema aliponiacha nikatulia. "Nitashindwa kila siku."

"Sitakushindanisha."

"Na sasa imezama?"

"Imezamishwa. Shangazi anasema inakunywa."

Akanikazia macho, kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha tumboni. "Inakunywa! Kumbe nayo ina kiu! Na mimi usingizi umenikataa nawaza pamba!"

Tulishuka tukiwa na Anjela mgongoni kwa baba yake. Tulimkuta shangazi ufukweni anasuka mkeka, akiilinda mashua kama mtu anayelinda mpunga. Ni kingo tu zilizoonekana juu ya maji. Nikainama nikatazama ndani, na sijawahi kuona kitu kilichotulia namna ile: mbao mpya na mbao kuukuu zimekuwa rangi moja, mwanga unacheza juu ya zile mbavu, na samaki wadogo wanapita kati yake bila haraka, kama waumini wanaotafuta viti vyao.

Tukatoa mawe. Nilishuka mimi mwenyewe chini pale maji yanapokusanyika, nikashika kata. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Utazunguka mbele na nyuma ya chombo, mwishowe utarudi chini kwenye maji ya kumwaga. Nikateka, nikamwaga, mpaka mabega yakawaka. Mashua ikapanda kidogo kidogo. Tukangoja. Sehemu moja ilitoa machozi kidogo, basi. Kwingine kote palikuwa pamebanana kama vidole vya mikono inayosali.

"Kaa mbele," nikamwambia Osmundi.

"Mimi?"

"Wewe."

Alipanda kwa magoti na mikono, hana hata aibu, akashika kingo zote mbili. Shangazi akakaa kwenye usukani, mimi nikavuta kamba ya tanga. Ule upepo wa kusini tunaouita mwera ulikuwa mdogo tu siku ile, wa kubembeleza. Tanga likajaa. Ufukwe ukaanza kurudi nyuma, sauti za watoto zikapungua, zikawa kama za ndege, zikapotea. Ikabaki sauti ya maji kwenye ubao. Osmundi alikuwa amefumba macho, midomo inasema Salamu Maria. Tulipofika mbali nikamwita.

"Baba Anjela, fumbua. Tazama nyuma."

Akafumbua, akageuka taratibu. Milima ilikuwa imesimama yote, mmoja nyuma ya mwingine, ya chini kijani, ya juu buluu, ya juu kabisa imeyeyuka ndani ya mawingu.

"Kule ni wapi?" akauliza.

"Kule ni kwenu. Ule wenye bega moja ndio Maguu."

Alitazama muda mrefu. Hofu ilimtoka mwilini nikaiona inatoka, mabega yakashuka. "Nimeishi pale tangu kuzaliwa," akasema kwa sauti ndogo, "sikujua ni pazuri hivi."

Mimi nilikuwa nimemtazama mtu yule kila siku tangu anioe, nami pia sikuwa nimeuona uzuri wake.

Mashua ile ilifanya kazi miaka mingi. Ilibeba maharage na mahindi ya Maguu kwenda vijiji vya ufukweni, ikarudisha usipa. Ilibeba wachuuzi na marobota yao ya mitumba, ilibeba maharusi, na siku moja ilimbeba shangazi Winfrida mwenyewe kwenda kuzikwa alipotaka. Ilivuja. Tuligombana ndani yake, tena sana, kisha tukapokezana kata. Baadaye mbao zake zilichoka, mkuku nao ukakubali uzee, tukaiacha, na sikuilia. Nyumba ikapata bati. Osmundi, babu yenu, mpaka leo hajui kuogelea, na akiona maji ya kina bado anasali.

Sasa sikiliza. Ukirithi kitu cha wazee wako, iwe chombo, iwe shamba, iwe jina tu, kitengeneze kwa ajili ya wanaokula leo. Kumbuka marehemu wako wote, waombee, lakini usiwape viti vya walio hai. Kazi ya mwenzako ikionekana imeharibika, uliza kwanza kabla hujahukumu. Na hata ukiwa na haki, usimvue mtu nguo mbele ya watu, maana nguo hiyo hutaweza kumvisha tena kwa mkono huo huo. Na mtu anayelala kando yako usidhani unamjua kwa sababu umemzoea. Muulize anangoja kukaribishwa wapi. Muulize mapema, miguu ingali na nguvu za kupanda mlima.

Mungu akujalie mikono inayoshika bila kubana, na ulimi unaowahi kushukuru. Akupe watu wa kukupenda, na macho ya kuwaona wangali hai. Nenda salama, mwanangu, ukawe baraka huko uendako.